Mbuzi Walikuwa Wawili

Mwalimu Jofrey alipoingia dukani, Nyangi alikuwa ameuma pini tatu mdomoni na tepu imemning'inia shingoni, akimpima mama mmoja wa kwaya. Hawakuwa wamewahi kuonana, lakini alimtambua papo hapo. Picha yake aliiona kwenye grupu la wazazi wa darasa la nne, lile grupu alilolizima sauti tangu Februari kwa sababu lilikuwa likilia kutwa nzima na yeye ana nguo za watu za kumaliza.

"Shikamoo, mama Eunice."

Nyangi akatoa pini mdomoni. "Marahaba, mwalimu. Karibu. Ulisema utakuja?"

"Hapana. Nilisema wewe uje," akasema mwalimu, akatabasamu kidogo kuonyesha kwamba hakuja kugombana. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi la kutembea kutoka shuleni Mwisenge mpaka dukani hapo Mukendo, mjini Musoma. Mara nne alikuwa amempigia simu. Mara mbili Nyangi hakupokea, mara mbili alipokea akajibu, "Nitakuja Ijumaa, mwalimu." Ijumaa zikaja, zikapita.

Mwalimu akafungua begi lake akatoa daftari. Nyangi akalijua, maana jalada lake alilivika yeye mwenyewe kwa kipande cha kitenge. Lilikuwa daftari la usomaji. Mwalimu Jofrey ndiye aliyeanzisha mtindo huo: kila jioni mtoto amsomee mzazi ukurasa mmoja, na mzazi atie sahihi kwamba amesikiliza.

"Hapa kuna sahihi ishirini na sita," akasema mwalimu kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, ingawa walisikia. "Kwa daftari hili, Eunice ndiye mtoto anayesoma kuliko wote darasani. Lakini nikimsimamisha asome, anakwama kila mstari. Kwa hiyo nimekuja kukuuliza tu, mama. Hizi sahihi ni zako?"

Nyangi akazitazama. Herufi N yenye mkia, imenyooka vizuri, imekaa juu ya mstari kama iliyochapwa. Hazikuwa zake. Akahisi macho ya yule mama wa kwaya mgongoni, na macho ya Adventina, binti anayemsaidia kushona, ambaye alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

"Ni zangu," akasema.

Mwalimu Jofrey hakubisha. Alimtazama kidogo, akalifunga daftari, akalirudisha kwenye begi. "Sawa, mama. Basi uendelee kumsikiliza," akasema, akaaga vizuri kila mtu aliyekuwamo, akatoka.

Ingekuwa afadhali angemgombeza. Nyangi alirudi kumpima yule mama kiuno, akaandika namba, akaipima tena kwa sababu hakukumbuka ameandika nini.

Jioni hiyo alifunga duka mapema, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msimu wa sare uanze. Alimkuta Eunice nyumbani anachambua dagaa. Alikuwa amejiandalia maneno makali njia nzima, lakini mtoto alipoinua macho, maneno yakapungua.

"Eunice, nani aliyekufundisha kuweka sahihi yangu?"

Mtoto akaacha kuchambua. "Wewe."

"Mimi?"

"Siku ile ulikuwa unamalizia magauni ya harusi. Nilikwambia nikusomee, ukasema, weka tu wewe, andika N halafu vuta mkia." Akaongeza, "Kesho yake nikakuuliza tena, ukasema si nimekwambia uweke?"

Nyangi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikumbuka magauni yale. Kusema hivyo hakukumbuka, lakini hakuwa na shaka hata chembe kwamba alisema. Boniphace, baba yake Eunice, alikuwa fundi wa mitambo Geita na alirudi mara moja kwa mwezi. Nyumba yote ilikuwa juu ya mabega ya Nyangi, na yeye alikuwa amezoea kukata kila kinachoweza kukatwa ili siku itoshe. Hakujua kwamba na hicho alikikata.

Wakachambua dagaa pamoja. Na hapo ndipo Nyangi alipomkumbuka baba yake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, kijijini kwao Butiama, na yeye alikuwa darasa la nne. Mzee Burito alikuwa mtu wa ng'ombe, mkali, mwenye maneno machache, na jioni baada ya kukamua aliingia ndani akinuka maziwa na moshi wa zizini. Akishaketi, jambo la kwanza alilosema lilikuwa moja tu: "Leta kitabu." Koroboi iliwekwa juu ya debe, mama yake Nyangi akikoroga ugali wa udaga wa muhogo upande wa pili, na mtoto akasoma. Mzee hakukishika kitabu hata siku moja. Alisokota kamba ya katani kwenye paja lake, macho yakiwa kwenye kamba, na Nyangi alidhani hasikilizi.

Kuna jioni moja ambayo hakuisahau. Habari ilikuwa ya Mama Tabu aliyekwenda gulioni kuuza mbuzi. Katikati ya ukurasa kulikuwa na neno refu la kutisha, "akamng'ang'ania", na Nyangi alipolifikia akaona njia ya mkato. Akaruka, akasema kwa sauti ya kusoma: "Mama Tabu akafika gulioni, akauza mbuzi wake, akarudi nyumbani. Mwisho."

Kamba ikasimama kwenye paja la mzee.

"Mbuzi wangapi?"

"Mmoja, baba."

"Walikuwa wawili," akasema Mzee Burito. "Na mtoni bado hajavuka. Rudia."

Nyangi alirudia. Alirudia jioni ile na jioni nyingine nyingi, maana kila aliporuka, mzee alimkamata, na kila alipotunga, mzee alimwambia kitu gani hasa kilichomo ukurasani. Mpaka akaona kutunga ni kazi kubwa kuliko kusoma, akasoma. Darasa la saba alifaulu, mtoto wa kike peke yake katika ukoo wao mwaka huo.

Alipokuwa kidato cha pili, ilikuja fomu ya shule ya kutiwa sahihi na mzazi. Mzee akatumbukiza dole gumba kwenye wino akalibandika. Nyangi alisimama pale ameduwaa. Baba yake hakujua hata kuandika jina lake! Sasa habari ya mbuzi aliijuaje? Alimuuliza, na mzee akajibu, "Mimi ni baba yako," kana kwamba hilo lilitosha. Basi Nyangi akajipa jibu lake mwenyewe: baba alisikia uongo katika sauti, kama anavyomsikia ng'ombe mgonjwa kabla dalili hazijaonekana. Aliishi na jibu hilo miaka mingi na hakuona haja ya lingine.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na sare za kupeleka kwa mteja wake Bunda. Alipomaliza, jua bado lilikuwa juu, na miguu yake ikakataa kurudi stendi. Alijua kwamba Mwalimu Susana, aliyemfundisha darasa la tatu na la nne, alistaafu akahamia kwao na mumewe huko huko Bunda, upande wa Balili. Miaka kumi na zaidi hakuwa amemwona. Akanunua sukari na sabuni, akachukua bodaboda, akauliza njia mara mbili, akafika.

Mwalimu Susana alikuwa ameketi kibarazani, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya kigoda, kuku wanazunguka. Alimtazama mgeni wake muda mrefu.

"Nyangi wa Burito," akasema hatimaye. "Umenenepa."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Mzee hajambo?"

"Hajambo, mwalimu. Sikio moja tu ndilo limekufa."

Wakanywa chai. Nyangi alikusudia kusalimia tu na kuondoka, lakini mbele ya mtu aliyemfundisha kushika kalamu alijikuta anasimulia yote: simu asizopokea, daftari, sahihi, na ule uongo mbele ya mama wa kwaya. Mwalimu Susana alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaanza kucheka, cheko la chinichini lililomtikisa mabega.

"Baba yako alikuja ofisini kwetu ukiwa darasa la tatu," akasema. "Tulimwita, ulikuwa hujui kusoma kabisa. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akakataa kuketi. Akatuambia, 'Mtoto nimewaletea mumfundishe. Mimi nina ng'ombe. Je, nimewahi kuwaita nyinyi mje kunisaidia kukamua?' Walimu wenzangu walikasirika. Mimi nikamuuliza, 'Na wewe, mzee, ng'ombe ukimpa mchungaji, jioni humuulizi amelishia wapi?' Akaondoka."

"Huyo ndiye baba," akasema Nyangi.

"Ngoja. Kama wiki moja imepita, nafika shuleni asubuhi, kengele bado. Namkuta uwanjani na ng'ombe wote, wanakula matembele ya shule. Akaja karibu, akatazama huku na huku, akaniambia, 'Mwalimu, mimi sijui kusoma. Huyu mtoto jioni ananidanganya. Najua ananidanganya, ila sijui ni wapi.'"

Nyangi akakiweka kikombe chini.

"Nikamwambia, kaa nikusomee ukurasa wa leo. Nikausoma mara moja. Akaniambia, tena. Nikausoma mara ya pili, amefumba macho. Alipoyafumbua, alinirudishia ukurasa wote, neno kwa neno, mama. Hata pale nilipokohoa alinyamaza kidogo. Mtu anayejua ng'ombe sitini kwa mabaka yao, ukurasa mmoja ni nini kwake? Kuanzia hapo alikuwaga anakuja kila asubuhi kabla hamjafika, akienda kuchunga. Miaka miwili, Nyangi. Mvua ikinyesha tulikuwa tunasimama kwenye stoo ya majembe. Mwalimu mkuu alilalamika kuhusu matembele mpaka akachoka."

"Hakuniambia," Nyangi akasema.

"Aliniapisha. Alisema, mtoto akijua baba yake anafundishwa na mwalimu wake, heshima itabaki wapi? Nimeitunza mpaka leo. Lakini nimezeeka, nikifa nayo nitakuwa nimekuibia." Akamfukuza kuku aliyesogelea sukari. "Halafu usidhani mimi ndiye niliyekuwa natoa tu. Na yeye alinifundisha. Siku moja aliniambia, 'Huyu Nyangi ukimkaripia anafunga. Mpe kazi ya mikono kwanza, akishafanya, muulize.' Unakumbuka nilivyokuwa nakuita ufute ubao, halafu ndiyo usome?"

Nyangi alikumbuka. Alikumbuka vumbi la chaki, na fahari ya kuwa yeye ndiye anayeitwa kila siku kufuta ubao, na jinsi alivyoweza kusoma hapo hapo akiwa bado amesimama, mikono myeupe. Miaka yote alidhani mwalimu alimpenda kuliko wengine.

Katika gari la kurudi Musoma alikaa dirishani, na milima ya mawe ya Bunda ilipokwisha akagundua kwamba analia. Alimwona baba yake kwenye stoo ya majembe, maji yanamtiririka kwenye koti, anajifunza habari ya Mama Tabu.

Jumatatu alikuwa shuleni kabla ya mstari wa asubuhi. Watoto walikuwa bado wanafagia. Mwalimu Jofrey alikuwa peke yake darasani, anaandika tarehe ubaoni.

"Mwalimu, zile sahihi si zangu."

"Najua, mama," akasema bila kugeuka. "Yako niliiona kwenye fomu ya kujiandikisha. Imepinda." Kisha akageuka, na wote wawili wakacheka, na kazi ngumu ikawa imekwisha.

Alimwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemruhusu mtoto, kwa hiyo asimwadhibu. Mwalimu akasema hakuwa na mpango wa kumwadhibu. Alikuwa na watoto sitini na wawili, na kama angefuata sahihi za uongo, asingebaki na muda wa kufundisha. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka unisaidie kujua kwa nini anakwama. Herufi anazijua. Maandishi yake mazuri. Akisimama kusoma, anakwama. Huwa anakwama wapi nyumbani?"

Nyangi akatafuta jibu. Akatafuta tena. "Nipe wiki moja, mwalimu," akasema kwa aibu.

Wiki ile kila siku saa kumi na mbili jioni alifunika cherehani. Adventina alishangaa, wateja wawili walinuna. Nyangi aliketi jikoni, Eunice akasoma. Siku ya kwanza alikuwa na haraka ya kumsahihisha, akamharibia. Siku ya pili akachukua viazi akavimenya, macho kwenye viazi, akaacha masikio yafanye kazi. Siku ya tatu ndipo alipokisikia. Mtoto hakukwama ovyo. Alisoma "mama" na "kitabu" na "wakaenda" bila shida, lakini alipofika "kulala" alisimama. "Barabara" alisimama. "Alirudi" akasimama muda mrefu, akaisema kwa kunong'ona.

"Eunice, hilo neno hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa mbona unasimama?"

Mtoto akalikunja pindo la gauni. "Natafutaga ni ipi. Nikikosea wananiita Bibi Rara."

Nyangi akaacha kumenya. Eunice alilelewa Butiama kwa bibi na babu yake mpaka miaka sita, na kule ulimi ulikuwa haujali sana tofauti ya l na r. Mtu alisema anakwenda kurara na akaenda akalala vizuri tu. Darasani Mwisenge siku moja alisoma "mtoto amerara", wenzake wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo kila l na kila r ilikuwa shimo la kurukwa. Si kwamba hakujua kusoma. Alikuwa anaogopa.

Mwalimu Jofrey alipoambiwa, alikaa juu ya dawati la mwanafunzi akashika kichwa. "Mwezi mzima namrudisha kwenye silabi," akasema. "Mama, mimi ni mtu wa Tarime. Chuoni walikuwaga wananiita 'Mwarimu', na mpaka leo nikikasirika hunitoka. Nimekosaje kuliona hili?"

"Wewe unao sitini na wawili," akasema Nyangi. "Mimi ninaye mmoja, na mimi pia nilikosa kuliona."

Mwalimu hakufanya jambo kubwa. Siku iliyofuata, kabla ya somo la Kiswahili, aliwasimulia watoto jinsi yeye alivyochekwa chuoni, akawaambia wamsikilize asome ukurasa mzima na wanyooshe kidole kila atakapochanganya l na r. Walinyoosha vidole kwa furaha, Eunice akiwa wa mbele, kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa na sikio kali kwa makosa hayo kuliko yeye. Kisha wakasoma kwa zamu, mwalimu akiwa na kidole chake tayari, na ikaonekana kwamba nusu ya darasa hukosea. Jina la Bibi Rara likafa polepole, bila kuzikwa na mtu.

Eunice hakugeuka kuwa wa kwanza. Mwezi wa sita alikuwa wa ishirini na tisa, kutoka wa hamsini na tatu. Lakini alikuwa anasoma kwa sauti inayofika dirishani, na kwenye kikao cha wazazi Mwalimu Jofrey alisema kwamba mzazi mmoja amemfundisha kitu ambacho chuo hakikumfundisha. Hakumtaja jina. Nyangi alikuwa ameketi safu ya pili, akainama akatafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwamo.

Likizo ilipoanza alimpeleka Eunice Butiama. Walimkuta Mzee Burito nje ya nyumba, anatafuna michembe, vipande vikavu vya viazi vitamu, kwa meno machache yaliyobaki. Ng'ombe walikuwa wamepungua, walikuwa tisa tu sasa, na mpwa wake ndiye aliyewachunga. Baada ya salamu na habari za mjini, Nyangi akasogeza kigoda upande wa sikio lililo hai.

"Baba, nilikwenda Bunda. Nilimwona Mwalimu Susana."

"Yupo?"

"Yupo. Ameniambia habari za zile asubuhi zenu."

Mzee akaacha kutafuna. Aliangalia mbele, kule bondeni, na Nyangi akajuta kusema.

"Yule mwanamke aliapa," akasema.

"Alisema amezeeka, baba."

"Mimi ni mkubwa kwake, na nimenyamaza." Lakini pembe ya mdomo wake ilicheza. Akachukua mchembe mwingine, akaugeuza mkononi bila kuula. "Baba yangu alikuwa na watoto wa kiume saba," akasema. "Sita walikwenda shule. Mmoja lazima abaki na ng'ombe. Mimi ndiye niliyejua ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Wewe unafikiri nilikuwa nakwenda kwa ajili yako. Mwanzo, ndiyo. Baadaye nilikuwaga naamka kabla ya jogoo, nawaza, leo itakuwa habari gani? Darasa la tatu na la nne nimesoma, Nyangi. Wewe ulipoingia la tano, mwalimu mwingine, nikakaa nyumbani. Nilihuzunika wiki nzima. Mama yako alidhani naumwa."

Nyangi akaushika mkono wake, mgumu, wenye kovu la kamba, na mzee akauacha ushikwe, jambo ambalo hakuwa mtu wa kuliruhusu.

Eunice aliyekuwa amechutama karibu yao akauliza, "Babu, ulikuwa wa ngapi?"

"Nini?"

"Darasani! Ulikuwa wa ngapi?"

Mzee Burito akafikiri kwa makini kama mtu anayetaka kusema kweli. "Sikupewa namba," akasema. "Lakini mama yako nilimpita."

Kutoka bondeni ng'ombe walikuwa wameanza kupanda, vumbi linawatangulia. Mzee akaegemea fimbo akasimama, Eunice akamshika upande wa pili, wakaelekea zizini taratibu. Nyangi alibaki pale kwenye kigoda. Jikoni mama yake alikuwa anapuliza moto. Kutoka zizini alisikia mtoto wake anabishana na babu yake, kwa sauti kubwa, kwamba yule ndama mwekundu jina lake si hilo analosema, na mzee anamwambia amtazame mabaka yake vizuri, aanzie kichwani.